Greda Moja, Mara Mbili

Saa mbili kasorobo asubuhi, Winnipeg, nje bado kiza.
Juu nimevaa blauzi ya kazi,
chini suruali ya kulalia na soksi mbili mbili,
maana kamera hainijui chini ya kifua.
Kwenye mfumo mimi ni 4471.
Taa yangu ya kijani: yupo, hana kazi, mpeni.

Mfumo haupigi miayo.
Mtu akibonyeza huko aliko,
unauliza haraka kuliko kope:
Lugha gani? Kiswahili.
Nani yuko huru? Watatu.
Nani amekaa sana bila simu?
Yule wa Halifax katoka kushika moja, apumue;
yule wa Calgary, intaneti yake inachechemea;
basi huyu.
Na mimi, chai mdomoni, nasikia ting,
kama kijiko kilichoangukia sahani.

Simu inatoka wapi, hatuambiwi.
Jana saa nne na robo nilikuwa gerezani,
saa nne unusu wodi ya wazazi, mkoa mwingine,
na chai ni ileile, haijapoa.

Kioo kinawaka:
Daktari Friesen, miwani kaipandisha kichwani;
Mama Nabintu, koti hajavua,
begi kalikumbatia kama mtu anayesubiri basi.
Wamo chumba kimoja, magoti karibu yagusane,
lakini neno la huyu limfikie yule
sharti lisafiri.

Nimedadisi kidogo mambo haya.
Sauti ya mama haiji nzima.
Inakatwa pingili pingili kama muwa,
kila pingili na nambari yake na anwani,
zinakimbia waya hadi Toronto, chumba kisicho na dirisha,
baridi yake ya kununuliwa,
huko mtambo unazipanga:
ya tatu imeitangulia ya pili, ngoja;
ya tisa imepotea, ziba pengo;
haya, unga, mpelekee.
Naupokea uchungu, naugeuza Kiingereza,
naurudisha Toronto,
Toronto inampa daktari.
Goti kwa goti, kilomita elfu sita.

"Kuna mdudu anatembea hapa," mama anasema, mkono ubavuni.
"Usiku ndiyo anaamka."
Natafuta Kiingereza cha mdudu asiye mdudu.

Hapo greda likapita.
Lilipita kwangu kwanza, chini ya dirisha,
chuma kikikwaruza barafu, pi, pi, pi likirudi nyuma,
vikombe vikatetemeka kabatini.
Halafu, nusu sekunde, masikioni mwangu,
nyuma ya pumzi ya mama:
chuma kilekile, barafu ileile,
pi, pi, pi.

Mama akageuka dirishani. Nami nikageuka.
"Samahani," daktari akasema, "wanasafisha barabara."
Kazi ni kazi, nikafasiri:
anasema samahani, wanasafisha barabara.

Ile kliniki juu ya duka la viatu!
Naiona ninapokausha nguo. Mapazia yake ya kijivu nayajua.
Lakini kanuni ziko ukutani, nimezibandika mwenyewe:
usijitaje, usitaje uliko, usimjue umjuaye.
Na mfumo, je, ulijua?
Kama ulijua haukujali.
Kwake jirani ni waya usio na foleni.

Dakika kumi na tisa. Vidonge, mara mbili kwa siku, baada ya kula.
"Asante, mkalimani."
Kioo kikaniomba nyota: sauti ilikuwaje?
Nikatoa nne.

Nikasimama dirishani na kikombe.
Akatoka, begi kifuani,
akafika kwenye tuta la theluji lililoachwa na greda,
akapandisha mguu mmoja, ukazama hadi gotini,
akabaki hivyo, nusu huku nusu kule,
akitazama kama kuna aliyemwona.

Nikasema pole.
Kwa sauti kabisa, chumbani, bila Toronto.

Ting.
Nikakaa, nikanyoosha kola.